Safu Niliyoiita Ziada

Siku mliyoniaga, Kelvin alisimama kando ya keki, akainua glasi ya soda, akasema, "Madam Violet hajawahi kuacha jedwali liseme uongo." Mkapiga makofi. Nami nikatabasamu, nikakata keki, nikawalisha mmoja mmoja kama bibi harusi. Yangu sikuila. Nilifika nyumbani Shieywe, nikavua viatu, nikaketi na maua yenu mapajani, nikajiambia: Violet, wewe ni muongo mkubwa.

Mliniomba niwaandikie kuhusu kazi, ili wanaokuja wasianze gizani. Nitaandika. Lakini nitaandika pia kuhusu jedwali moja lililosema uongo miezi saba kwa mkono wangu, mtoto akafa, na nesi asiye na kosa akabeba lawama. Nesi huyo ni Sista Agneta wa zahanati ya upande wa Mautuma. Nyinyi mnalijua jina lake kwa ubaya tu, maana hutajwa kila mafunzo yakifanyika, kama mfano wa mtu asiyesoma orodha. Nataka jina hilo litoke kwenye mafunzo yenu. Hilo tu ndilo ninaloomba, hayo mengine mkitaka mruke.

Nilianza kazi wakati shirika letu lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa hapa mjini Kakamega, na rekodi za zahanati zote zilikuja kwa magunia. Kulikuwa na makabati ya chuma yenye droo, na kila droo ilikuwa na kadi ndogo mbele, imechomekwa kwenye kishikio, ikisema ndani mna nini. Mkuu wa rekodi alikuwa Mzee Makokha, mtu mrefu, mkali, aliyevaa koti moja la kijivu mvua na jua. Siku yangu ya kwanza hakunisalimia. Alininyooshea kidole kabati la tatu akasema, "Niletee faili za chanjo."

Nikaona droo yenye kadi iliyoandikwa CHANJO, nikatoa rundo, nikamwekea mezani. Akafungua faili ya juu. Ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Ya pili, wajawazito. Ya tatu pia.

"Nani alikwambia hizi ni chanjo?" akauliza.

"Kadi, Mzee."

"Kadi iliandikwa na nani?"

"Sijui."

"Sasa unamwamini mtu humjui?" Akanirudishia rundo lote. "Kwanza fungua droo. Kadi tutaandikanga baadaye."

Nilikasirika siku nzima. Nilidhani ni yeye aliyezibadilisha ili anichezee, na mpaka leo nadhani ni yeye. Alikuwa na tabia hiyo. Lakini wiki ile nilifungua droo zote za kabati lile, na nne kati yake zilikuwa zimegombana na kadi zao. Hivyo ndivyo tulivyosema ofisini: kadi na droo zimegombana. Baadaye nilipoambiwa mambo ya metadata na majedwali nilicheka, maana nilikuwa nimeshafundishwa na mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta.

Basi kwa wale wapya, nieleze kwa lugha ya mtaani. Ghala la data ni kabati kubwa lililo ndani ya kompyuta. Jedwali ni droo: lina mistari, kila mstari ni mtoto au mama mmoja, na lina safu, kila safu ni jambo moja juu yake, kama tarehe ya kuzaliwa au uzito. Metadata ni kadi ya mbele. Inasema jedwali lina safu ngapi, zinaitwaje, zimefuatana vipi, na kila moja ina nini ndani, kama ni namba, tarehe au maneno. Kompyuta inapopakia data kila alfajiri haiangalii droo. Inasoma kadi na kuiamini, kama mimi siku ya kwanza, na haina Mzee Makokha wa kuirudishia rundo.

Magomvi mengi ni madogo. Kadi inasema uzito ni namba, halafu zahanati fulani inaandika "kilo tatu na nusu" kwa maneno, upakiaji unakwama. Au jedwali lilifutwa zamani lakini kadi yake ingali mahali pake, kama jina la marehemu kwenye orodha ya kwaya, na kila asubuhi kompyuta inaliita na halijibu. Au kinyume chake: data ipo, kadi haijui. Hayo yalitupata na zahanati ya Khayega. Data ya kila mwezi ilikuwa ikiwekwa kwenye folda yake, na folda mpya ni lazima isajiliwe kwenye kadi ndipo ionekane. Mtu akasahau kusajili. Ripoti ikatoka ikisema mwezi mzima Khayega hakuzaliwa mtoto hata mmoja. Mkurugenzi wetu wa wakati huo akaandika barua ya kuwapongeza kwa uzazi wa mpango. Barua ikafika. Nesi wa huko akapiga simu akicheka mpaka akashindwa kuongea: watoto walikuwa wamejaa wadi, wengine wawili kitanda kimoja. Tulicheka wiki nzima. Natamani makosa yote yangekuwa ya kuchekesha namna hiyo.

Vifaa vyangu vilikuwa vitatu. Rula ya mbao ya Mzee Makokha, ambayo niliiweka juu ya skrini kufuata mstari, na nyinyi mkinicheka. Daftari la jalada gumu, ambamo niliandika kila kadi niliyobadilisha, kwa kalamu. Na simu, kwa sababu mtu wa zahanati akikwambia kile anachokiona kwa macho yake, hiyo inazidi ripoti kumi. Simu ndiyo niliyoitumia vibaya.

Mzee Makokha alistaafu, akafariki, tukamzika kwao mvua ikinyesha. Baadaye akaja Kelvin, na simlaumu kwa lolote. Kijana alikuwa na mikono myepesi. Alitengeneza amri moja ambayo, kadi ikigombana na jedwali, inafuta kadi na kuandika nyingine upya kwa kufuata jedwali. Kazi niliyoifanya asubuhi nzima yeye aliimaliza kabla chai haijapoa. Lakini ile amri ilitaka jedwali lenyewe liwe na majina ya safu. Majedwali mengine yalikuja bila majina, safu tupu zimefuatana tu, na hayo yalibaki kwangu, ya kuhesabu kwa kidole: ya kwanza hii, ya pili hii.

Mkurugenzi aliyefuata naye alileta skrini kubwa ukutani. Kila upakiaji ulikuwa na taa yake, kijani ukipita, nyekundu ukikwama. Saa mbili kamili asubuhi alisimama mbele ya skrini na kikombe chake, akazihesabu. Hakuwa mtu mbaya. Lakini akiona nyekundu hakuuliza "kuna nini," aliuliza "ni nani," na taratibu ofisi nzima tukawa na desturi ya kuhakikisha zote ni kijani kabla ya kile kikombe. Tuliita kuosha uso. "Umeosha uso?" "Nimeosha." Mmeirithi desturi hiyo, nimewasikia. Iacheni.

Sasa nifike kwenye jedwali la Mautuma.

Huku kwetu magharibi watoto wengi huzaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao watu huita siko seli. Ukijulikana mapema, mtoto anaanza dawa ya kila siku ya kumkinga na maambukizi, mama anafundishwa dalili za hatari, na mtoto anakua. Usipojulikana, homa ndogo tu inaweza kumchukua. Kwa hiyo zahanati zetu zilimchoma mtoto mchanga kisigino, matone ya damu yakaenda maabara, na majibu yakarudi kwetu kwa namba: 1 ni mzima, 2 amerithi upande mmoja lakini haugui, 3 ni mgonjwa. Ghala likawakusanya wote wenye 3, likawapelekea manesi orodha ya watoto wa kuitwa. Nesi hakuona majibu yenyewe. Aliona orodha tu, na mtoto asiyekuwepo kwenye orodha alikuwa mzima.

Jedwali kutoka maabara iliyohudumia upande wa Mautuma halikuwa na majina ya safu. Lilikuwa na safu saba, na ya saba ndiyo jibu. Asubuhi moja nilifika, taa yake ni nyekundu. Kadi inasema saba, jedwali lina nane. Saa ilikuwa mbili kasoro dakika chache, na nilisikia viatu vya mkurugenzi kwenye ngazi.

Nilidhani maabara wameongeza kitu mwishoni, maoni au jina la mpimaji, maana ndivyo watu wengi hufanya. Sikuwapigia. Sikufungua jedwali. Nikaongeza safu ya nane kwenye kadi, nikaiita "ziada", nikabonyeza. Nane na nane. Kijani. Kwenye daftari nikaandika: "Mautuma, safu 8, imepita." Mkurugenzi akahesabu taa zake, akasema, "Safi sana, Madam," akaenda zake. Nilikusudia kurudi mchana niangalie. Sikurudi. Sina kisingizio, sikuwa mgonjwa wala sikuwa na msiba. Nilisahau.

Maabara walikuwa wameongeza safu katikati, si mwisho. Walianza kuandika hali ya sampuli kabla ya jibu, nayo wakaiandika kwa namba: 1 damu ni nzuri, 2 haitoshi, 3 imeharibika. Sasa ya saba ikawa hali ya sampuli, na jibu likasukumwa likawa la nane. Kadi yangu ikaendelea kuita ya saba "jibu". Namba zilikuwa zile zile, moja, mbili na tatu, kwa hiyo hakuna kilichokwama. Kila mtoto aliyetoa damu nzuri akawa mtoto mzima. Na jibu lake la kweli likapakiwa kila alfajiri, bila kukosa siku moja, chini ya neno "ziada", ambalo hakuna ripoti iliyowahi kulisoma. Sampuli chache zilizoharibika zilitokea kwenye orodha kama wagonjwa, watoto wao wakapimwa tena, wakaonekana wazima, na sisi tukafurahi.

Sista Agneta aliniuliza. Hili ndilo linalonichoma zaidi. Karibu mwezi wa tatu tangu nibadilishe kadi alinipigia simu kwa jambo lingine, akamalizia, "Madam, na huku kwetu siku hizi hakuna mtoto wa damu? Zamani sikukosanga mmoja au wawili."

Nikamjibu, "Mshukuru Mungu, Sista."

Akacheka, akasema, "Ee, kweli, tushukuru." Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyekuwa amesimama kwenye droo yenyewe, ananiambia kadi ni ya uongo.

Mwezi wa saba akapiga tena, na sauti haikuwa ile. "Madam, nina mtoto hapa anaitwa Nafula. Amekuja mara ya tatu. Mara mbili nilimpa dawa ya malaria wakaenda. Leo mikono imevimba, miguu imevimba, macho ni manjano, na homa haishuki. Mimi naona ni siko seli, lakini hayuko kwa orodha. Niangalilie."

Nikatafuta Nafula, hayupo. Nikakumbuka kwamba watoto wetu hupimwa siku ya kwanza kabla hawajapewa jina, wanaandikwa kwa mama. "Mama yake anaitwa nani?"

"Rael."

Nikaona: Mtoto wa Rael, jibu 1. Nilikuwa karibu kumwambia ni mzima. Kitu fulani kikanifanya nifungue jedwali lenyewe, si ripoti. Nikaweka rula kwenye mstari. Ya saba, 1. Ya nane, 3. Nikashuka mstari unaofuata, ya saba 1, ya nane 2. Unaofuata, 1 na 1. Safu yote ya saba ni moja, moja, moja, kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Sista, mpeleke hospitali kubwa sasa hivi. Ni mgonjwa."

"Unaona nini huko?"

"Mpeleke, Sista! Haki ya Mungu, mpeleke!"

Alimpeleka. Nami nikasahihisha kadi: ya saba hali ya sampuli, ya nane jibu. Nikapakia miezi yote saba upya. Na hapa sikilizeni vizuri, nyinyi mnaobaki, maana kosa la pili linatoka kwenye utaratibu wetu wa kawaida. Tukipakia data ya zamani upya, hatuweki tarehe ya leo. Tunairudishia tarehe yake ya kwanza, ili ripoti za miezi iliyopita zisivurugike. Kwa hiyo majina matano yakaingia kwenye orodha ya Mautuma, na kila jina likabeba tarehe ambayo lingefika kama nisingeharibu. Jina la Mtoto wa Rael likasema lilimfikia nesi miezi sita iliyopita.

Nikampigia Sista Agneta. Ningeweza kumwambia, "Sista, nimekosea, majina haya nimeyaweka sasa hivi." Ni maneno machache. Badala yake nilisema, "Fungua orodha, kuna watano hawajaitwa."

Nikamsikia akivuta kiti. Kisha, "Ai, Madam. Yote haya yako hapa?"

"Yako hapo," nikasema.

"Na huyu ni Mtoto wa Rael. Woi. Labda mimi nilitafuta Nafula."

Nikamwacha aamini hivyo. Akakata simu, akachukua pikipiki kwenye tope lile la Mautuma, akawatafuta wale wanne wengine nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo. Mmoja familia ilikuwa imehama, akaulizia sokoni mpaka akampata. Wote wanne walianza dawa, na nimehakikisha, wako hai. Aliyewaokoa ni Sista Agneta.

Nafula alifika hospitali akiwa hai. Alifariki kesho yake mchana.

Nilimwambia mkurugenzi yote, mlango umefungwa. Akasikiliza, akaweka kikombe chini, akauliza, "Sasa umerekebisha?" Nikasema nimerekebisha. "Basi, Madam. Tukianza kusema ghala lilikosea, hakuna zahanati itaamini orodha tena, na watakaoumia ni watoto hao hao." Ilisikika kama hekima. Nilitaka isikike hivyo, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na nilikuwa Madam Violet ambaye hakosei.

Makao makuu wakatuma watu wawili kuchunguza. Walimweka Sista Agneta kwenye kiti, wakamwonyesha orodha iliyochapishwa, jina na tarehe. Alijaribu kusema, "Miezi hiyo nilikuwa naona hakuna wa damu." Wakamwambia asome mwenyewe. Akasoma. Kisha wakaja kwetu juu, wakaniuliza swali moja tu: "Data iko sawa?"

"Iko sawa," nikajibu. Na ilikuwa sawa, siku ile. Waliandika, wakashukuru, wakashuka ngazi.

Sista aliondolewa. Alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa sehemu ile. Akarudi nyumbani kwake, hapo hapo Mautuma, si mbali na zahanati, akawa analima mahindi yake na hasalimiwi njiani. Kesi yake ikatengenezewa picha za mafunzo, na mwaka uliofuata nilikaa mstari wa mbele nikazitazama. Nilikuwa nikikohoa kila zilipofika pale, nikatoka nje kunywa maji.

Ya kazi, basi, nayasema kwa ufupi maana mkono umechoka. Msikubali jedwali lisilo na majina ya safu, hata maabara ikilia. Idadi ya safu kulingana haimaanishi chochote. Fungueni mistari kumi kwa macho, mpige simu mahali data ilipotoka, msomeane mstari mmoja kwa sauti. Mkipakia upya, hifadhini tarehe ya zamani kama mnavyotaka, lakini ongezeni na tarehe ya kweli, ya siku mlipogusa. Na neno "ziada" lisionekane kwenye kadi yoyote. Kama hujui safu ni ya nini, acha taa iwe nyekundu, mkurugenzi anywe chai yake akiitazama. Daftari langu liko kwa Kelvin sasa. Nimetia alama ukurasa.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilienda Mautuma. Nilivaa gauni la kanisani, sijui kwa nini. Nilimkuta Rael uani, ameketi juu ya turubai, anapukuchua mahindi. Ni mdogo kuliko nilivyofikiria, labda umri wa Kelvin.

"Mulembe," nikasema.

"Mulembe, mama. Karibu kiti." Alidhani ni mtu wa kanisa. Akataka kuinuka akapike chai, nikamwomba asiinuke.

Nikamwambia. Nilikuwa nimejifunza maneno nyumbani, yakanipotea yote, nikasema tu kama yalivyokuja. Kwamba damu ya Nafula ilijulikana tangu mwanzo. Kwamba jibu lilifika ofisini kwetu, mimi nikaliweka mahali ambapo hakuna aliyeliona, kwa haraka na uzembe. Kwamba jina halikumfikia Sista.

Aliendelea kupukuchua. Bunzi moja likaisha, akachukua lingine.

"Halikufika hata siku moja?"

"Hata siku moja. Lilifika siku mlipopelekwa hospitali. Mimi ndiye nililiweka."

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo."

Mikono ikasimama. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Nilikuwa nalia, na nilijionea aibu kulia mbele yake, kwa sababu yeye hakuwa analia.

"Sista alikuja matanga," akasema. Hakuwa ananiangalia. "Alikuja na debe ya unga kwa kichwa. Mimi nikachukua ile unga nikamwaga mbele ya watu wote. Yeye akapiga magoti hapo hapo kwa unga, akaniomba msamaha. Akasema pengine alitafuta Nafula, akapita Mtoto wa Rael. Akasema hata yeye hakumbuki kuona, lakini kompyuta imesema alionyeshwa." Akakung'uta punje kutoka kwenye leso yake. "Miaka yote miwili amerudi siku ile ile Nafula alikufa. Anasimama kwa lango, mimi simfungulii. Juzi amerudi."

Kisha akainua macho, akaniangalia.

"Sasa huyo mama alikuwa anaomba msamaha wa nini?"

Akainuka, akaingia ndani. Nilidhani amenifungia mlango. Akatoka amevaa viatu.

"Simama," akaniambia. "Utamwambia wewe, na mimi nikisikia."